Robo Kuku na Chenga za Senti Kumi

Asubuhi niliyoondoka Nakuru sikuwa nimegombana na mtu. Niliamka, nikanawa uso kwenye ndoo, nikakitazama kiwanda cha mbao nilichokuwa nikifanyia kazi ng'ambo ya njia, na badala ya kuvuka nikashika barabara. Ndivyo nilivyokuwa nikiondoka kila mahali siku hizo. Shule niliiacha kwa namna hiyo hiyo nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Dirisha la darasa letu pale Makindu lilitazama reli, na kila garimoshi lilipopita, mimi nilikuwa nikipita nalo. Mwalimu alimwambia mama kwamba kichwa changu hakikuwa kibovu, ila hakikuwa na breki.

Lori la viazi lilikuwa limesimama kando ya njia, utingo akifunga turubai. Dereva aliniuliza naenda wapi. Nilimwuliza yeye anaenda wapi.

"Nairobi."

"Basi na mimi."

"Una mtu huko?"

"Bado."

Alicheka, akaniambia nipande juu ya magunia, na kwamba nauli yangu ingekuwa kuyashusha. Ilikuwa muda mfupi tu baada ya Uhuru. Bendera mpya bado ilikuwa kitu cha mtu kusimama na kukitazama, na mjini watu walitembea upesi kana kwamba kila mmoja ameahidiwa kitu mahali fulani na anaogopa kukuta kimeshagawanywa. Tulishusha viazi sokoni mpaka jua likapanda, kisha dereva akasema yamebaki magunia ya mtu wa kuku. Aliliingiza lori kwenye uchochoro nyuma ya River Road, akasimama mbele ya mlango wa mbao wa rangi ya kijani, na kabla sijaliweka gunia la kwanza begani, harufu ikanifikia.

Kulikuwa na kitunguu saumu ndani yake, na ndimu, na mafuta ya moto, na nyuma ya hivyo vyote kitu kikali kilichoungua kidogo, ambacho baadaye nilijua kuwa ni tangawizi. Miguu yangu, ambayo haikuwahi kunitii, safari hii ilinitangulia.

Uani palikuwa na mwanamume mwembamba aliyevaa kofia ya kushonwa kwa mkono na aproni juu ya kanzu. Hakuniuliza jina.

"Umekula?"

"La."

"Keti."

Aliniletea robo kuku na chipsi kwenye sahani ya bati, na kando yake kibakuli cha ukwaju uliosagwa na pilipili. Ngozi ya yule kuku ilivunjika mdomoni kama jani kavu, na ndani nyama ilikuwa laini na yenye maji yake. Nilikula mpaka mifupa ikabaki myeupe. Yeye alisimama akinitazama kwa utulivu, kama fundi cherehani anayemtazama mtu akijaribu koti. Nilipomaliza, aliniwekea kisu mbele yangu.

"Hivyo viazi ulivyobeba havijimenyi, mwanangu."

Nilidhani ningemenya gunia moja nikaenda zangu. Dereva alirudi Nakuru bila mimi.

Sote tulimwita Ami, kama watu wa pwani wanavyomwita baba mdogo, na hata makarani wa Kikristo kutoka ofisi za serikali walimwita hivyo bila kujua maana yake. Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama behewa. Mbele kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo karai kubwa la chuma, ili mpita njia aone kuku wake akigeuka rangi. Meza zilikuwa chache, kwa hiyo mtu alikaa na asiyemjua. Nimemwona tarishi akimpitishia chumvi wakili, na mwalimu wa shule ya Jumapili akigawana kibakuli cha ukwaju na wazee waliotoka swala ya Ijumaa.

Ukuta wa kulia ulikuwa na bei. Hazikuandikwa kwa chaki wala kwenye kibao cha kuning'inizwa. Ziliandikwa kwa rangi ya mafuta, moja kwa moja ukutani, na mchora mabango aliyeletwa kwa kazi hiyo. Siku niliyofika zilisomeka hivi: robo kuku na chipsi, shilingi mbili na nusu. Nusu kuku, shilingi nne na nusu. Kuku mzima, shilingi nane. Chipsi peke yake, senti sabini. Chai, senti ishirini. Na chini kabisa, kwa herufi zile zile kubwa, chenga, senti kumi.

Chenga zilikuwa vile vipande vya unga na ngozi vilivyobanduka kwenye kuku na kuzama katika mafuta. Wakaangaji wengine walivichuja wakavitupa. Ami alivikausha, akavinyunyizia chumvi na pilipili, akavifunga katika pia ya gazeti, karatasi iliyosokotwa kama pembe. Mwenye senti kumi alipanga foleni moja na mwenye shilingi nane, na Ami alimpa pia yake kwa mkono wa kulia na kumwambia "karibu tena" kwa sauti ile ile. Wachukuzi wa sokoni, wapiga viatu rangi na akina sisi tuliishi kwa chenga kuelekea mwisho wa mwezi.

Kazi ilianza alfajiri. Maalim mmoja, mzee aliyesomesha Kurani katika chumba kidogo mtaa wa pili, alikuja na kisu chake kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alichinja uani kuku mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina la Mungu, bila haraka, kisha akanawa na kwenda kwa wanafunzi wake. Mimi nami, niliyezaliwa Mwislamu ingawa swala zilinipita nyingi, alinifundisha kushika kisu. Sisi tulinyonyoa, tukaosha kwa ndimu na chumvi, tukapaka viungo na kuacha. Baadaye kuku walitokoswa polepole kwa maji yao wenyewe, wakaanikwa kwenye waya mpaka wakauka, wakapakwa unga, ndipo wakaingia kwenye mafuta. Pale kwenye waya ndipo wapishi wengi walipoharibu, kwa sababu mteja amesimama na tumbo lake na kuku hajakauka. Ami hakukubali kusukumwa.

"Kuku ana subira kuliko wewe," alimwambia karani mmoja aliyekuwa akigonga kaunta kwa sarafu. "Yeye amekwisha kufa na bado anangoja."

Nilikaa pale miaka, lakini si mfululizo. Kila baada ya muda miguu iliniwasha, nikapotea. Nilifika Kisumu, nikavuka mpaka Mwanza, nikauza vitunguu Arusha, nikarudi. Ami hakuniuliza kamwe nilikuwa wapi. Aliuliza nilikula nini huko na kwa bei gani. Nilimweleza samaki wa Kisumu aliuzwaje, na ndizi za nyama za Arusha zilipikwaje, naye alisikiliza kwa makini akitikisa kichwa, halafu akaniletea sahani, halafu kisu.

Mimi nami nilikuwa na swali langu. Nilitaka kujua duka lilianzaje. Mtu wa pwani, mwenye shamba la minazi la urithi, mtu ambaye kwao kuku hupikwa kwa nazi nyumbani na mama, amefikaje kwenye baridi hii kukaanga kuku kwa ajili ya watu asiowajua? Kila nilipouliza nilipata jibu jipya. Mara moja aliniambia mkewe alichoka kumpikia. Mara nyingine, kwamba aliota kuku mzima akimdai nauli. Siku moja aliniambia kwa uso mkavu kwamba alikuja Nairobi kununua koti, akakuta koti ni ghali, akaona bora asimame karibu na moto.

"Ami, nakuuliza kwa dhati."

"Na mimi koti nililitaka kwa dhati."

Bei zilipanda, kama zinavyopanda. Mara ya kwanza nikiwapo, mchora mabango alikuja na msasa ili aikwangue bei ya zamani. Ami alimshika mkono.

"Usifute. Pitisha mstari mwembamba juu yake, uandike mpya chini."

"Lakini watu wataona ulikuwa ukiuza rahisi, Ami."

"Ndiyo nataka waone. Mtu amekula robo kwa mbili na nusu, nimfiche kwa nini?"

Basi ikawa desturi. Mbili na nusu ikapigwa mstari ikawa tatu. Tatu ikapigwa mstari ikawa tatu na nusu. Wateja wakingoja kuku wakauke walisoma ukuta kutoka juu kwenda chini, wakakumbushana walikuwa wakifanya kazi gani wakati robo ilikuwa mbili na nusu, nani alikuwa hajaoa, nani alikuwa bado yu hai. Mwaka ule mafuta yalipopanda duniani kote, ya magari na ya kupikia pia, robo iliruka mpaka shilingi tano. Mteja mmoja wa siku nyingi aliusoma ukuta akashika kiuno.

"Ami, huyu kuku amesoma chuo kikuu?"

"Amesoma. Na karo nimelipa mimi."

Duka zima lilicheka, na yule bwana akaagiza robo. Chenga zilibaki senti kumi. Rangi yake ilichujuka, ikapakwa upya, lakini mstari haukupita juu yake.

Duka la pili lilifunguliwa Westlands, karibu na maduka ya Wahindi, na huko wateja walikuja kwa magari. Nilihamishiwa huko kwa muda. Mchora mabango alipokuja, Ami alimwamuru anakili ukuta wote wa duka la kwanza, pamoja na bei zilizopigwa mistari, ingawa hakuna mtu aliyewahi kununua kuku hapo kwa bei hizo. Nilimwambia kwamba huo ni uongo mdogo.

"Duka ni moja," akasema. "Milango ndiyo miwili."

Hapo Westlands nilijifunza mambo ya Kileleshwa bila kuingia Kileleshwa. Wapishi wa majumba ya huko, yale ya bustani na ua wa michongoma, walikuja siku za wageni wakiwa na sufuria zilizofunikwa kwa taulo. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi na yunifomu nyeupe iliyopigwa pasi, alikuja kila Jumamosi.

"Weka humu ndani," alinong'ona. "Na ukwaju weka kwenye hii chupa. Na karatasi yenye jina lenu usinipe."

"Kwani mama mwenye nyumba hajui?"

"Yeye amenipandisha mshahara kwa sababu ya hii kuku, wewe unataka ajue?"

Nilimheshimu sana mpishi yule. Alijua kitu kizuri kinapatikana wapi.

Kufikia wakati huo, kuku wa kienyeji walioletwa kwa matenga hawakutosha tena. Kule Kinoo, kwenye barabara ya kwenda Naivasha, kulikuwa na mjane aliyefuga kuku wa kizungu katika banda refu la mabati. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani, na kuku wake walikuwa safi, wazito, wa umri mmoja. Alituletea wakiwa hai kwa pikapu yake, na Maalim aliwachinja mjini kama kawaida. Maduka yote mawili yakawa yanategemea banda lake. Baadaye akajenga jengo la mawe kando ya barabara, akaja kumwona Ami.

"Mzee, hao watu wa malori wanapita kwangu na njaa mpaka Naivasha. Chukua hii nyumba yangu. Kuku iko nyuma, barabara iko mbele, wewe unakaa katikati."

Ami alikwenda akalitazama lile jengo asubuhi, akarudi akalitazama jioni. Halafu akasafiri pwani, na aliporudi tukajua kwamba ameuza lile shamba la minazi. Karai jipya, majiko, meza na kioo, vyote vilitoka kwenye minazi ya babu yake. Maalim alimlaumu mbele yangu.

"Kinoo ikikushinda, utarudi wapi sasa?"

"Ndiyo maana haitanishinda," alisema Ami, lakini aliivua kofia akajifuta kichwa kwa kiganja, na hilo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya.

Siku ya kufungua tulitoka mjini mapema, Ami, Maalim na mimi. Wazee wa msikitini walikuwa wamealikwa chakula cha mchana. Majirani wa Kinoo walikuwa wamealikwa. Madereva walikuwa wameambiwa. Kangemi ilikuwa ikiwasha moto wa chai, na kutoka hapo ukungu ulizidi mpaka tukafika Kinoo meno yakigongana. Duka lilisimama hapo, kioo kikiwa na umande, na ukuta wake umeandikwa bei zote tangu mbili na nusu. Tuliwasha majiko. Maalim alikunja mikono ya kanzu, akakifungua kisu chake, akauliza kuku wako wapi.

Ndipo tukasikia wimbo.

Walikuwa wanawake wa kanisa, wakiteremka kutoka nyumbani kwa yule mama, kila mmoja na beseni kichwani limefunikwa kwa majani ya mgomba. Mama mwenyewe aliwatangulia akipiga makofi. Wakayapanga mabeseni mlangoni petu, wakafunua. Kuku wote waliokusudiwa kwa siku ile walikuwa humo, wamechinjwa, wamenyonyolewa mpaka unyoya wa mwisho, wamekatwa vipande safi na kuoshwa. Haikupungua hata shingo.

"Mzee," mama alisema, uso wake uking'aa, "huwezi kuhamia kwa watu na uanze na kazi ya manyoya. Hapa kwetu mgeni hachinji siku ya kwanza. Tumeanza jana jioni, mimi na hawa mama. Wewe ni kupika tu."

Maalim alisimama na kisu mkononi kama mtu aliyefika harusini akakuta bibi arusi ameshakwenda kwake. Yule mama alikuwa ametupa zawadi kubwa kuliko zote walizonazo wanawake wa kule, kazi ya mikono yao wote pamoja, kama wanavyofanya kwa arusi ya mtoto wao. Na Ami, aliyekuwa akiuza kuku tangu kabla ya Uhuru, hakuwahi kumweleza kwamba anayechinja lazima awe Mwislamu, kwa sababu mjini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu alimwona Maalim alfajiri na akajua. Yule mama alituletea kuku wazima na hakuwahi kuingia uani kwetu.

Nilimtazama Ami na nikajua anapima nini. Kuku walikuwa tayari. Wazee wa msikitini walikuwa njiani, na wasingeona beseni wala majani. Wangeona kuku wa kahawia kwenye sahani na ukwaju kando. Akiwapikia, jina lake la miaka yote limekuwa uongo. Akikataa, atakuwa amewatemea mate wanawake wa kanisa zima mbele ya macho ya mwenye nyumba wake, ambaye kuku wake ndio wanaolisha maduka yote. Na nyuma yake hapakuwa tena na shamba la minazi.

"Mama," alisema polepole, "kosa ni langu. Nilipaswa kukwambia zamani. Kuku hawa siwezi kuwapika."

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya chini, lakini niliona uso wa yule mama ukifungika kama dirisha. Mwanamke mmoja mzee, aliyebeba beseni kubwa kuliko wote, akasema kwa Kiswahili ili tusikie sote:

"Muulize kama mikono yetu ni chafu."

"Ndiyo," mama akasema. "Niambie, mzee. Mikono yetu ni chafu?"

Ami aliivua kofia. Akaikunja mikononi.

"Nilikuja bara nikiwa kijana," alisema. "Nilitafuta kazi kwenye reli, nikakosa. Nikafika stesheni moja ndogo sijala siku nyingi. Karani wa pale, Mkristo wa huku kwenu, akanichukua nyumbani kwake. Alikuwa na jogoo mmoja. Nikaona mkewe anachemsha maji, nikajua ni ya kumnyonyolea huyo jogoo, nikainama. Siwezi kula, na siwezi kusema. Yule bwana akaitazama kofia yangu. Akamwambia mkewe aondoe maji motoni. Akatoka kwa miguu, akafuata reli mpaka kwenye kambi ya vibarua, kumtafuta Mwislamu wa kuchinja jogoo wake. Watoto walilia njaa. Tulingoja mpaka jua limeinama. Akarudi naye, na jogoo akachinjwa, na tukala sote sahani moja, mimi na yule kibarua na yeye na mkewe na watoto. Mikono yake haikuwa michafu, mama. Ndiyo mikono safi kuliko yote iliyowahi kunilisha. Hakutaka mtu mmoja nyumbani kwake abaki anatazama wengine wakila. Basi mimi nimekuwa nikipika jogoo yule mpaka leo. Sijui kupika kitu kingine."

Nilikuwa nimemwuliza swali hilo kwa miaka yote hiyo, akanipa koti na ndoto na mke aliyechoka. Kumbe jibu alikuwa amelihifadhi kwa siku ambayo lingehitajika.

Yule mama aliwageukia wenzake akasema nao kwa Kikuyu kwa muda, na yule mwanamke mzee akajibu, na wakabishana, na mmoja akacheka. Alipotugeukia tena, sauti ilikuwa ile ya kanisani.

"Kwa hivyo ni mimi nina mgeni nyumbani kwangu, na watu wote wana chakula, na yeye hana."

"Usiseme hivyo, mama."

"Ni hivyo. Aibu ni yangu, si yako." Akaliinua jani la mgomba akalifunika beseni. "Hii tunapika sisi, kule kwangu uani, sufuria zangu. Majirani watakula huko, watu wa kanisa watakula huko. Na wewe," akamwelekezea Maalim kidole, "usirudishe kisu. Iko kuku ya mayai kwa banda. Si nono, lakini iko hai."

"Hao wa mayai ndio riziki yako ya kila siku," alisema Ami.

"Na wewe uliuza minazi," mama akasema. "Unafikiri hapa hatusikii maneno?"

Basi Maalim alichinja kule bandani, na wanawake wa kanisa wakanyonyoa nasi, wakituonyesha jinsi ya kufanya haraka zaidi. Kuku wa mayai wana ukaidi, wakachukua muda mrefu kwenye moto wa kwanza, lakini Ami hakuwatoa kwenye waya hata pale wazee wa msikitini walipofika na kuketi na kukohoa. Walisoma ukuta. Madereva walisimamisha malori, wakasoma ukuta. Moshi ulipanda nyuma kwa mama na mbele kwetu, na watu walivuka uwanja huku na huko na sahani mikononi, Waislamu wakichukua viazi vya mama vilivyochemshwa, Wakristo wakija kuonja ukwaju wetu na kurudi wakipuliza midomo. Yule mwanamke mzee alikuja na senti kumi yake, akapanga foleni, akanunua chenga. Alizitafuna pale pale, akimtazama Ami.

"Hii ni ile inabaki chini?"

"Ndiyo, mama."

"Hm," akasema, akatoa senti kumi nyingine.

Jua lilipoanza kushuka upande wa bonde, wazee walikuwa wamekwenda na Maalim alikuwa akikifunga kisu chake. Alisema yeye Kinoo kila alfajiri hawezi, ana wanafunzi. Duka haliwezi kukaa bila mchinjaji. Ami alikubali, akatazama chini. Mimi nilikuwa nikiosha karai, na nilipoinua macho niliwaona wote watatu, Ami, Maalim na yule mama, wananitazama.

"Na huyu?" mama aliuliza. "Huyu wa kuuliza maswali? Hachinji?"

"Anajua," Maalim alisema. "Nimemfundisha mwenyewe. Swala zake ndizo zinazotembea kama miguu yake."

"Huyu hakai mahali," alisema Ami. "Mimi namjua. Sitamwomba."

Na kweli hakuniomba. Aliondoka na Maalim kwenda mjini, akaniachia ufunguo wa duka kwenye kaunta, karibu na sahani iliyofunikwa. Chini ya kifuniko kulikuwa na robo, na kando yake kisu kipya kimefungwa kwa kitambaa cheupe.

Nilikula. Mama alinipitia baadaye, akanipeleka nyuma ya banda kwenye chumba cha mawe chenye dirisha moja, kitanda cha kamba, blanketi la kijivu na msumari ukutani. Dirisha halikutazama barabara. Lilitazama migomba, na nyuma ya ukuta kuku wa mayai waliosalia walikuwa wakisukumana kutafuta pa kulala. Nilimwuliza kodi ni kiasi gani.

"Kodi ni moja tu. Ile jogoo nyeupe usiiguse. Ndiyo inaniamsha kwenda kanisa."

"Ikiniamsha na mimi je?"

"Si wewe ndiye unachinja alfajiri? Mtaamka pamoja."

Akaondoka akicheka peke yake kwenye migomba. Nilikaa kitandani na mfuko wangu magotini, kama nilivyokaa kwenye vyumba vingi. Baadaye kidogo niliinuka nikautundika kwenye msumari.